Mashua ya Kikundi: Tusisahau Upande wa Chini

Vikundi vingi vya pwani vimepata mashua kwa jasho na michango ya wanachama. Siku ya kuishusha majini watu huimba, wazee huja, na jina jipya limeandikwa kwa rangi nzuri pale omoni. Kila mtu huona tanga, jina na pande za juu. Lakini je, ni nani huangalia upande wa chini, ule usioonekana?

Katika toleo hili tunazungumzia kazi ya kusafisha na kupaka upya chini ya chombo. Msidhani kazi hii ni ya bandari kubwa zenye mitambo. Sisi watu wa pwani tumepewa mtambo wetu wa bure, nao ni maji kujaa na kupwa. Wanaosafiri kwa vyombo vyao wenyewe, wakawa mbali na nyumbani, hutumia mtambo huu huu. Lakini mtambo huu una saa zake, na asiyejua saa zake ataumia. Sisi tuliumia. Nianze na hapo.

Tulivyokwama siku 13

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi wa kikundi kimoja cha kujisaidia huku kusini mwa Mombasa. Tulikuwa wanachama 22, wanawake 9 na wanaume 13, na tulikuwa tumekopa pesa za kununua mashua ya mbao. Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha nahodha akaanza kulalamika kwamba chombo ni kizito. Safari ya saa mbili ikawa ya saa tatu. Siku upepo ukikataa, injini ndogo tuliyokuwa nayo ilikunywa mafuta kama mgonjwa wa kiu. Mmoja wetu akapiga mbizi, akatoka na kiganja kinachovuja damu. Chini palikuwa na ndevu za mwani na viganda vyeupe vinavyokata kama wembe.

Tukaamua kuipandisha pwani tuikwangue. Tukachagua siku ambayo maji yamejaa sana kuliko siku zote, tukafikiri hiyo ndiyo siku nzuri, maana mashua itafika juu kabisa kwenye mchanga mkavu. Tukaisukuma, tukaimba, ikafika juu. Kazi tuliimaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu tukangoja maji yaje kuichukua. Maji yakaja, yakasimama hatua kumi na tano kutoka kwenye usukani, yakarudi. Kesho yake yakasimama mbali zaidi.

Tukaenda kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nimesikia. Mmeipandisha lini?"

Tukamwambia siku yenyewe. Akacheka kidogo, kisha akatuhurumia.

"Wanangu, mmepanda ngazi mkaisukuma kwa mguu. Maji hayatafika pale mpaka bamvua ijayo. Na mkiomba, ombeni bamvua ijayo isiwe ndogo kuliko hii."

Tulikaa siku 13 bila samaki, na mkopo haungoji bamvua. Baya zaidi, hatukufunika chombo. Jua lilikausha mbao, zikasinyaa, na nafasi katikati ya mbao zikafunguka. Siku tuliyoishusha iliingiza maji, watu wawili wakakesha wakiyateka kwa ndoo. Katika mkutano uliofuata wanachama wanne walitaka warudishiwe hisa zao. Kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya kutojua tarehe ya mwezi.

Basi haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa mzee yule na mengine kwa kurudia kazi hiyo mara nyingi.

Ni nini kinachoota pale chini?

Maji yetu ni ya joto, na katika maji ya joto viumbe hukua upesi. Kwanza hutokea ute mwembamba, ndani ya siku chache tu. Juu ya ute huo mwani hushika. Kisha huja viumbe wadogo wenye magamba. Wakiwa wachanga huelea majini, wakipata mahali hujibandika kwa gundi yao wenyewe na kujenga viganda vigumu. Chombo chenye viganda hukwaruzana na maji, kwa hiyo hupunguza mwendo na kuongeza gharama ya mafuta.

Lakini adui mkubwa wa mbao ni yule ambaye watu humwita mnyoo wa bahari. Kwa kweli yeye si mnyoo, ni jamaa ya chaza na kome, ila mwili wake ni mrefu. Huingia akiwa mdogo sana, kwa tundu kama la ncha ya sindano, halafu hukulia ndani ya ubao huku akiula. Kwa nje ubao huonekana mzima. Kwa ndani umekuwa kama sega la asali. Mashua ya namna hii yaweza kupasuka ghafla katika mawimbi, na hapo hatuongei tena habari ya pesa, tunaongea habari ya maisha ya watu.

Kwa hiyo rangi ya chini ina kazi mbili: kuzuia viumbe wasijibandike, na kumfungia mlango yule mla mbao. Mahali penye mkwaruzo uliofika kwenye ubao mtupu, hata pakiwa padogo kama kidole, ni mlango ulio wazi.

Kuchagua siku: hapa ndipo penye siri

Mnajua kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili hivi baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Katika pwani ya Kenya tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa yaweza kukaribia mita 4. Katikati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu.

Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri, hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na hujaa tena kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kwa muda wa dakika 50 hivi. Hii ni baraka kwetu, kwa kuwa maji yanapokuwa chini kabisa ni mchana na watu wanaona.

Sasa, kabla ya kuisogeza mashua, kikundi kijiulize swali moja: kazi yetu ni ya saa chache au ni ya siku nyingi?

Kazi ya saa chache. Mnataka kukwangua, kuangalia mbao na kupaka kwa haraka. Ipandisheni siku mbili au tatu kabla ya kilele cha bamvua. Siku hizo maji ya kesho hupanda juu kuliko ya leo, kwa hiyo hamwezi kukwama. Mashua itakaa kavu kwa saa sita au saba, kisha itaelea yenyewe.

Kazi ya siku nyingi. Mnataka kubadilisha ubao, kutia kalafati upya, na kupaka rangi inayohitaji kukauka kutwa nzima. Ipandisheni siku moja au mbili baada ya kilele. Hapo maji yanazidi kushuka kila siku, nanyi mtakaa pakavu mpaka bamvua inayofuata, yaani siku 10 hadi 13. Na kwa sababu hamkupanda kwenye kilele chenyewe, bamvua ijayo ina nafasi nzuri ya kuwafikia hata ikiwa ndogo kidogo.

Kile ambacho hampaswi kufanya ndicho tulichofanya sisi: kupanda kwenye kilele chenyewe. Hatari ni kubwa zaidi karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba, kwa kuwa bamvua za nyakati hizo ndizo kubwa katika mwaka. Ukipanda juu kabisa kwa bamvua ya Septemba, zinazofuata zaweza kukuacha pale pale.

Msiende kwa kukisia. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini. Tafuteni nakala, muibandike ukutani mnapokutana, na mwandishi wa kikundi aandike karibu yake tarehe za kazi. Pia ulizeni wazee. Jedwali halijui upepo wa leo, mzee anaujua.

Kuhusu majira, vikundi vingi huona yafaa kufanya kazi kubwa wakati Kusi inapoishia, kabla ya Kaskazi kuleta bahari tulivu na samaki wengi. Wakati wa Kusi kali mashua hukaa sana hata hivyo. Kazi ndogo ifanywe tena Kaskazi inapomalizika.

Kadiria rangi kabla ya kwenda dukani

Watu wengi hununua rangi kwa macho, halafu hupungukiwa maji yakiwa yanarudi. Hesabu ni rahisi. Pimeni urefu wa mashua pale inapogusa maji, upana wake, na kina chake chini ya maji. Jumlisha upana na kina, kisha zidisha kwa urefu.

Mfano: urefu mita 8, upana mita 2.5, kina mita 0.8.
2.5 + 0.8 = 3.3
8 x 3.3 = 26.4

Basi eneo ni kama mita mraba 26. Mkebe wa rangi huandikwa lita moja inafunika eneo gani. Tuseme ni mita mraba 9. Mkono mmoja utahitaji lita 3, na mikono miwili lita 6. Ongezeni kidogo kwa ajili ya usukani, mkuku na ule mstari wa maji, ambapo mwani huota zaidi kwa kupata jua.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Siku moja kabla, maji yakipwa, nendeni mkaangalie mahali. Patakiwa mchanga tambarare, usio na mawe, na pasipo mawimbi makubwa. Ondoeni kila jiwe, mkaweke vijiti vya alama. Maji yakijaa hamtaona chochote chini.

2. Punguzeni uzito. Toeni injini, nyavu, nanga na farumi yote. Mashua nyepesi hupanda juu zaidi na haiumii.

3. Maji yakijaa ileteni mahali penye alama, muifunge kamba omoni na tezi. Kama mtaisimamisha wima, wekeni magadi pande zote mbili, kila gadi likiwa na kipande cha ubao chini ili lisizame mchangani. Kama mtailaza, wekeni magunia ya mchanga upande itakaolalia, na muamue mapema ni upande gani. Chombo kisichoamuliwa hujiamulia chenyewe.

4. Anzeni kukwangua wakati maji yanashuka. Msingoje yaishe. Fuateni maji kwenda chini. Viganda vikiwa bado vibichi hutoka kwa urahisi. Vikikauka hushika kama saruji. Tumieni kikwangulio cha mti mgumu au chuma kisicho kikali sana, msije mkaulima ubao.

5. Osheni kwa maji baridi mtoe chunyu. Rangi haishiki juu ya chumvi. Hii ndiyo sababu kubwa ya rangi kubanduka baada ya mwezi mmoja, nayo ni madebe machache tu ya maji ya kisima. Kina mama wa kikundi chetu ndio waliogundua jambo hili. Wanaume tulikuwa tunamlaumu mwenye duka.

6. Kagueni. Gongeni kila ubao kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia vizuri. Ulioliwa hutoa sauti ya uwazi. Penye shaka chomeni kwa ncha ya kisu. Kikiingia kwa urahisi, mwiteni fundi akate sehemu hiyo na kutia hasho, yaani kipande kipya. Msifunike ubao ulioliwa kwa rangi. Huko ni kumfunika maiti shuka.

7. Rudisheni kalafati. Pamba iliyooza itolewe, mpya ilowekwe mafuta, ikapigwe kwa patasi butu mpaka ikae. Msiijaze kupita kiasi, kwa kuwa mbao zikirudi majini hufura na kubanana.

8. Pigeni msasa mkiwa mmelowanisha, kisha mpake. Kwenye ubao mtupu tangulizeni rangi ya kwanza, ile mafundi huita andakoti, halafu mikono miwili ya rangi ya chini. Koroga mkebe mpaka chini kabisa, maana ile dawa nzito hukaa chini. Ukipaka ya juu tu, umepaka maji ya rangi.

9. Msilale chini ya mashua iliyoshikwa na magadi, hata kwa dakika moja. Pale palipoguswa na gadi au gunia patapakwa kesho, baada ya mashua kugeuzwa.

Someni mkebe ujue rangi ikauke saa ngapi kabla ya kuingia majini. Ikiwa ni saa 12, na maji yatarudi baada ya saa 6, rangi hiyo haifai kwa kazi ya saa chache. Chagueni nyingine au chagueni siku nyingine.

Katika kazi ya siku nyingi kumbukeni jua. Funikeni mashua kwa makuti au magunia yaliyolowa, na muyamwagie maji asubuhi na jioni. Laiti tungefanya hivyo!

Deheni au rangi ya dukani?

Wazee wetu hawakuwa na rangi ya dukani. Walichoma chini ya chombo kwa mienge ya makuti makavu, moto wa kupita tu, ili kuua wadudu na kukausha mbao. Kisha walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kwa mkono. Bado wako wanaofanya hivyo, na si jambo la kudharau. Ni rahisi na vifaa vyake viko karibu. Lakini deheni hudumu wiki kadhaa tu, kwa hiyo kazi inarudiwa mara kwa mara. Chokaa nayo huunguza ngozi, kwa hiyo vaeni glavu.

Onyo: moto ni kwa chombo cha mbao kilichozoea deheni. Msichome rangi ya dukani. Moshi wake ni sumu. Na mashua ya faiba isionyeshwe moto kabisa.

Rangi nyingi za dukani za kuzuia viumbe zina shaba. Shaba hutoka kidogo kidogo, na viumbe hawaipendi. Hudumu miezi mingi kuliko deheni, lakini bei yake ni ya juu. Pia shaba ina tabia moja ambayo lazima tuijue. Mwaka 1761 jeshi la maji la Uingereza lilijaribu kufunika chini ya meli iitwayo HMS Alarm kwa mabati membamba ya shaba. Meli ilipokaguliwa baada ya safari, chini palikuwa safi. Lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Pale ambapo karatasi iliyofungia shaba ilisahauliwa katikati, chuma kilikuwa kizima. Somo ni hili: shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa.

Mashua zetu nyingi zimepigiliwa misumari ya chuma. Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi ya shaba, kila kichwa cha msumari kisafishwe kutu, kizibwe, na kifunikwe kwa andakoti. Andakoti ndiyo ile karatasi yetu. Na kama chombo chenu ni cha aluminiamu, msikipake rangi ya shaba kamwe.

Afya yetu na ufuo wetu

Rangi inayoua viumbe chini ya mashua haijui kuchagua. Miaka ya 1970 huko Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona chaza wao wakiharibika magamba na kushindwa kuzaana. Sababu iligunduliwa kuwa ni rangi za mashua zenye sumu iitwayo tributyltin, kwa kifupi TBT. Ufaransa ilizuia rangi hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa mataifa wa kuipiga marufuku ulikubaliwa mwaka 2001, ukaanza kazi mwaka 2008. Basi mtu akiwauzia kwa bei ya chini mikebe ya zamani yenye neno TBT, mkatae. Vilevile msichanganye dawa ya wadudu wa shambani kwenye rangi. Itamwumiza mpakaji leo na mla samaki kesho.

Haya yafuatwe na kila kikundi:

- Wanaokwangua wavae glavu, miwani na kitambaa cha pua. Rangi kuukuu isipigwe msasa mkavu. Vumbi lake laweza kuwa na risasi.
- Tandazeni turubai chini. Maganda ya rangi yakusanywe kwenye gunia kabla maji hayajarudi, wala yasiachwe ufuoni.
- Msifanye kazi hii karibu na mashamba ya mwani, kama yale ya kina mama wa Kibuyuni, wala mahali watu wanapookota chaza, wala katikati ya mikoko.
- Watoto wakae mbali. Mikebe mitupu isitumiwe kuchotea maji.

Ukiwa safarini

Wako wanaokaa baharini majuma mengi, kutoka Lamu hadi Shimoni na kurudi. Rangi haiangalii kwamba uko ugenini. Ukiona mwendo umepungua, tafuta hori tulivu, kama Mtwapa au Kilifi, usubiri siku mbili kabla ya kilele cha bamvua. Waone kwanza kamati ya ufuo, BMU, na wavuvi wa hapo. Wao wanajua wapi pana jiwe lililofichika. Beba daima kikwangulio, pamba kidogo, mkebe mmoja wa rangi na magunia matupu. Mchanga utaupata popote.

Ndugu zetu wa Ziwa Victoria hawana bamvua, wala hawana viganda vya bahari na mla mbao wa maji ya chumvi. Lakini mbao zao pia huoza na kuota ute. Wao huvuta mashua nchi kavu kwa magogo, na habari ya kukagua, kalafati na afya ni ile ile.

Pesa zitoke wapi?

Kikundi chetu kiliponea hapa. Zamani tulingoja mashua iwe nzito, ndipo tuchangishane. Kila mara mchango ulikuwa na ugomvi. Sasa mashua inajichangia yenyewe.

Tuseme gharama yote ya rangi, pamba, chakula cha wafanyakazi na fundi ni shilingi 18,000, na kazi inafanywa kila miezi sita. Mashua huenda baharini siku 20 kwa mwezi, yaani siku 120 kwa miezi sita. 18,000 gawanya kwa 120 ni shilingi 150. Basi kila siku mashua inaporudi, kabla ya kugawa chochote, mweka hazina anaweka shilingi 150 katika bahasha iliyoandikwa "CHINI". Weka bei zenu wenyewe katika hesabu hii. Msikope kutoka bahasha hiyo, hata kwa harusi.

Wale wanachama wanne waliotaka kuondoka, watatu walibaki. Mmoja wao ndiye anayeshika jedwali la maji sasa. Tukitaka kuipandisha mashua, mwenyekiti hasemi neno mpaka yeye afungue karatasi yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mara ya mwisho kuangalia chini ya chombo chetu ilikuwa lini? Imeandikwa mahali?
2. Kazi inayokuja ni ya saa chache au ya siku nyingi? Tutaipandisha kabla ya kilele cha bamvua au baada yake, na kwa nini?
3. Misumari yetu ni ya chuma au ya shaba? Nani atakagua vichwa vyake?
4. Maganda ya rangi tutayapeleka wapi?
5. Bahasha yetu ya "CHINI" iwe na shilingi ngapi kwa siku, na nani ataikagua?

Jadilianeni maswali haya kabla bamvua ijayo haijafika. Chini ya mashua hakuna mtu apitaye akasifu. Lakini siku ya mawimbi, watu wetu husimama juu ya ubao ule ule ambao hatukuutazama.